Namba ya saa nne usiitumie saa kumi

Wadogo zangu mnaoanza kurusha ndege ndogo kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, Mafia na Kilwa, nina neno na nyinyi kuhusu QNH, ile namba ya mgandamizo wa hewa, kwa hektopaskali, mnayoiweka kwenye altimita (kipimo cha kimo) ili isome kimo juu ya usawa wa bahari. Nawasikia redioni. Mwongozaji anaitaja, mnairudisha harakaharaka kama mtu anayeitikia "shikamoo" huku anatafuta funguo mfukoni.

Sicheki. Nilikuwa hivyohivyo. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kiti cha kulia, jioni moja ya Machi, tulikuwa tunarudi kutoka Mafia na mvua imeshuka upande wa Pugu kama pazia. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha, Kapteni yuko redioni. Mnara ukatoa 1008, Kapteni akairudisha, mimi nikasema "imewekwa". Mdomo ulisema, mkono haukugusa kitu. Kwenye kidirisha cha altimita yangu ilikuwa bado 1012, niliyoinakili asubuhi kwenye karatasi ya hali ya hewa na kuibana kwenye ubao wa gotini.

Kapteni akatazama altimita yake, akainama kidogo akatazama yangu.

"Bwana mdogo, uko futi ngapi?"

"Elfu moja na mia mbili, Kapteni."

"Mimi niko elfu moja na tisini. Tumepanda ndege moja kweli?"

Nikanyamaza. Akauliza tena: "Hiyo namba yako ni ya saa ngapi?"

"Ya saa nne asubuhi."

"Na sasa hivi?"

Ilikuwa saa kumi na robo jioni. Akanyoosha kidole kwenye kitufe changu, nikakizungusha mwenyewe, na mshale ukarudi nyuma taratibu hadi ukalingana na wake. Ndege haikushuka hata inchi. Tulikuwa chini muda wote ule. Altimita yangu tu ndiyo iliyokuwa inanidanganya.

Tulipoegesha ndiyo akanieleza jambo ambalo darasani nilikuwa nimelipita juujuu. Altimita haijui ardhi iko wapi. Inapima mgandamizo wa hewa, basi, halafu inaugeuza kuwa futi kwa kufuata namba uliyoipa. Huku chini karibu na usawa wa bahari, hektopaskali moja ni kama futi 27 hadi 30. Ukiiwekea namba kubwa kuliko hewa ilivyo kweli, itakuonyesha uko juu wakati uko chini. Hektopaskali nne zilizosahauliwa ni futi mia na kitu. Kumbuka kwamba kwenye ILS ya kawaida, ule mwale wa redio unaoiongoza ndege hadi njia ya kutua, uamuzi wa kutua au kupaa tena unafanyika futi 200 juu ya ardhi. Toa mia na kumi hapo uone unabaki na nini. Mwale wa ILS wenyewe haudanganywi na hewa, lakini ile sehemu ya kuamua unaisoma kwenye altimita.

Sasa sikiliza la Dar. Sisi watu wa pwani tunajua maji kujaa na maji kupwa. Hewa nayo hujaa na kupwa, mara mbili kwa siku, ila yenyewe haifuati mwezi, inafuata jua, kwa hiyo saa zake hazihamihami kama za bahari. Mgandamizo hupanda hadi kilele karibu na saa nne asubuhi, unashuka hadi karibu saa kumi jioni, unapanda tena hadi saa nne usiku, unashuka hadi saa kumi alfajiri. Ulaya jambo hili lipo pia lakini ni dogo, na linafunikwa na mifumo mikubwa ya hali ya hewa inayopita kila baada ya siku chache. Huku kwetu karibu na ikweta ndilo linaloonekana: siku tulivu kabisa, bila wingu, namba inaweza kushuka hektopaskali tatu au nne kati ya asubuhi na jioni.

Kwa hiyo karatasi mbaya kuliko zote kuibeba mchana kutwa ni ile ya saa nne asubuhi, na saa mbaya kuliko zote kuitumia ni saa kumi jioni. Na ndiyo saa ambayo wengi wetu tunarudi Dar, tumechoka, jua liko machoni au mvua iko mbele. Kwenye METAR, ile ripoti ya hali ya hewa ya uwanja, hizo saa zimeandikwa kwa Zulu, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, yaani 0700 na 1300. Zoea kuzisoma hivyo bila kupiga hesabu kwa vidole. Nimemwona kijana akichukua ripoti ya 0400 akidhani ni ya alfajiri hii ya saa kumi, kumbe ni ya saa moja asubuhi.

Masika yana lake. Wingu kubwa la radi likimwaga, hewa baridi inayotoka chini yake husambaa na kuruka mbele ya mvua, na mgandamizo hupanda ghafla, kisha hushuka wingu likipita. Ukipewa namba wakati hewa imepanda, ukazungushwa dakika ishirini huko baharini kungoja mvua ipite, usishuke nayo. Omba mpya. Mwongozaji hatakuona mjinga. Akikuona hivyo, muache akuone.

Mifano ya wenzetu ipo, na si ya ndege ndogo. Tarehe 12 Novemba 1995, MD-83 ya American Airlines, safari namba 1572, iligonga miti kwenye kilima ikikaribia kutua Bradley, jimbo la Connecticut, Marekani. Usiku ule mgandamizo ulikuwa unaporomoka kwa kasi na namba waliyokuwa nayo ilikuwa imepitwa na wakati. Wote 78 walinusurika. Si altimita peke yake iliyowaangusha, maana walipita pia chini ya kimo walichoruhusiwa, lakini wachunguzi waliandika wazi kwamba mwongozaji hakuwapa namba mpya na wao hawakuiomba. Yaani makosa mawili ya kunyamaza.

La Paris ndilo linalonitisha zaidi. Tarehe 23 Mei 2022, Airbus A320 ilikuwa inashuka kuelekea Charles de Gaulle kwenye mvua. QNH halisi ilikuwa 1001. Mwongozaji akawapa 1011. Tarakimu moja tu. Walikuwa kwenye mkabala, yaani mteremko wa mwisho wa kutua, unaotegemea altimita kwa kimo, si mwale wa ILS, kwa hiyo njia nzima ya kushukia ilihamia chini kama futi 280. Altimita ya redio, ile inayopima ardhi moja kwa moja, ilifika futi 6 kabla hawajapaa tena, na njia ya kutua ilikuwa bado mbele. Altimita zao kushoto na kulia zilikubaliana vizuri kabisa. Ndiyo maana nawaambia kulinganisha altimita mbili kunakamata kosa kama langu la Mafia, lakini hakukamati namba mbaya iliyowekwa pande zote mbili. Mashahidi wawili waliosimuliwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja.

Kinachokamata ni umbali. Kwenye mteremko wa nyuzi tatu hesabu ni futi 300 kwa kila maili ya baharini. Uwanja wa Julius Nyerere uko futi 182 juu ya bahari. Ukiwa maili tatu kutoka mwanzo wa njia, 900 na 182 na vijifuti vya kuvukia ukingo wa njia, unatakiwa kuona kama 1,100 hivi. Ukiwa kwenye mwale wa ILS sawasawa na altimita inasema 1,400, mmoja wenu anakosea, na si mwale. Semeni kwa sauti, siyo kila mtu moyoni mwake.

Joto nalo litawachanganya, ila upande wa heri. Nyuzi 30 za Dar ni nyuzi 15 juu ya hewa ya kitabuni, na hewa ya moto imevimba: altimita ikisema futi 1,000 juu ya uwanja, kweli uko kama 1,060. Kwa mkabala wa kutegemea altimita utaziona taa za PAPI, zile nne za pembeni mwa njia zinazoonyesha kama uko juu au chini ya mteremko, zikiwa nyeupe tatu, yaani uko juu kidogo, wakati mshale unasema uko sawa. Usianze kuhangaika na kitufe. QNH hairekebishi kosa la joto.

Asubuhi kabla ya kuwasha injini, weka QNH ya sasa hivi ukiwa umeegesha. Altimita inatakiwa isome kimo cha pale ulipo. Ikipotea zaidi ya futi 60, mwite fundi, usiifidie kichwani.

Ubao wa gotini bado ninao, mkanda wake nimeshaubadilisha mara mbili. Kila QNH ninayopewa naandika pembeni yake saa niliyoipokea, na ya zamani naikata kwa mstari mmoja. Ikifika jioni ukurasa unakuwa umejaa mistari.