Silikoni inanata siku ya pili: tusiulaumu unyevu wa bahari

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Ngamiani, Tanga. Mimi na mume wangu tumejitengenezea kifaa chetu cha mapenzi cha chumbani kwa silikoni ya platinamu, ile ya chupa mbili. Modeli niliifinyanga kwa plastisini ya watoto, kalibu nikatengeneza kwa jipsamu. Ndani kumeganda vizuri, ila nje kunanata na kuna vitundu vidogo. Mume wangu anasema ni unyevu wa bahari. Nipake poda yaishe?

JIBU: Salama, dada. Poda usipake. Na unyevu wa hewa hauna kosa, kwa sababu silikoni ya platinamu inagandishwa na kichocheo kilichomo ndani yake. Inayosubiri unyevu ni ile ya tyubu ya kuzibia masinki, yenye harufu ya siki. Hiyo usiijaribu kabisa: huganda kuanzia nje, kwa unene wa kifaa chako moyo wake utabaki mbichi, na nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia kuvu.

Tazama inanata wapi. Ingekuwa na mabaka na mistari laini hata ukiikata katikati, ningesema hukukoroga hadi pembeni na chini ya chombo. Ingelegea yote, ningekuuliza kama ulipima sawasawa vipimo vya zile chupa mbili. Yako inanata pale tu ilipogusa kalibu, kwa hiyo kuna kitu kimelemaza kichocheo. Ninayemshuku kwanza ni plastisini: nyingi zina salfa, na mabaki yake hung'ang'ania kwenye jipsamu hata modeli ikishatoka. Kama ulivaa glavu za lateksi, nazo huleta balaa hilo hilo. Vaa za vinaili.

Hakikisha kabla ya kumwaga hela nyingine. Changanya silikoni kidogo kwenye kikombe safi cha plastiki, nusu iache humo, nusu imimine juu ya kipande cha kalibu ile ile. Ya kikombe ikiganda kavu na ya kalibu ikanata, jibu umelipata.

Hapo kalibu hiyo itupe. Finyanga upya kwa udongo ulioandikwa kuwa hauna salfa, piga jipsamu mpya, iache ikauke hadi ndani, kisha izibe kwa vanishi ya akriliki nayo ikauke kabisa. Jipsamu mbichi ni chanzo kimojawapo cha vile vitundu. Kingine ni joto letu: mchana wa Februari silikoni huanza kukaza kabla hewa haijatoka. Fanya alfajiri, koroga taratibu, mimina uzi mwembamba sehemu moja tu, uache ijisambaze yenyewe.

Hicho kinachonata, dada, hakitengenezeki. Moto haukiponyi wala sabuni haikisafishi. Ule mnato ni kemikali ambazo hazijaungana, na utando wa ndani ya mwili ni mwepesi kudhurika. Usikitumie hata kwa kondomu.

Soma pia chupa zako: ziwe zimeandikwa kwamba silikoni ikishaganda ni salama kugusa ngozi. Silikoni ya bati, yaani ile ambayo kichocheo chake ni bati badala ya platinamu, haifai kwa kazi hii. Rangi iwe ya silikoni, si ya keki wala ya ukutani. Na kama kifaa kitatumika nyuma, lazima kiwe na kitako kipana kuliko mwili wake, kwani kikipotelea ndani ni safari ya hospitali. Kikishaganda sawasawa, kioshe, kichemshe dakika chache kabla ya kukitumia, na kilainishi kiwe cha maji.