Mpwa wangu aliacha uhasibu tukaanza kuuza waru (viazi) pamoja

Dada, umesema binti ya kakako anataka kuacha unesi aje msimamie hoteli yenu hapo Kondele, na hujui umkubalie ama umrudishe kazini. Mimi nitakuambia yangu tu.

Mpwa wangu alikuwa mhasibu Nairobi, CPA amemaliza, tai kila siku. Mimi natoa waru Molo na Mau Narok naleta soko la Wakulima hapa Nakuru, kazi ya kuamka saa tisa usiku na matope mpaka magotini. Siku aliandika barua ya kuacha kazi, mamake (dada yangu) alinipigia akilia ati nimemroga mtoto wake, na baada ya hapo miezi mitatu hakushika simu yangu. Jitayarishe na hiyo, manake mtu akishazoea kusema kanisani mtoto wake ni nesi, ni ngumu kuanza kusema anapika chapo.

Sasa watu watakuambia uchunge msichana asijute. Sawa, lakini mimi ndiye nilisumbua. Wiki ya pili kijana akafungua kitabu na kila nikichomoa pesa ya biashara anaandika. Anko, mafuta ya pikipiki, 300. Anko, harambee, 2,000. Anko, "zingine", 1,500. Bana nilikasirika, miaka yote hiyo nauza waru bila kuulizwa na mtu halafu leo nahesabiwa na mtoto niliyembeba mgongoni? Nikamnunia karibu mwezi. Akajumlisha akanionyesha bila kusema kitu, na kumbe nilikuwa nakula kushinda mabroka wote tukiwaweka pamoja.

Na yeye pia alinitia hasara. Sheria ya 2019 inasema gunia la waru lisipite kilo 50, basi akakataa kabisa kujaza mukorino, lile gunia la kuongezewa kilemba juu, akapima lori nzima kwa mizani. Sheria ni nzuri, lakini siku hiyo majirani wote sokoni walikuwa na magunia yamevaa kilemba, mnunuzi akiona letu fupi anapita tu. Na Shangi, aina ya waru tunayouza, haingoji mtu, ikikaa inachipuka, ikipigwa jua inageuka kijani. Nyingi tuliuza bei ya kutupa. Lakini hakuacha mizani yake, alizunguka akatafuta wenye vibanda vya chipo wanaonunua kwa kilo, na hao ndio wanatulisha mpaka leo.

Kwa hivyo kabla hajaandika barua mkubaliane mshahara, hata kama ni kidogo, uwe na tarehe, usimwambie "tutaangalia jioni", hiyo ndiyo ilitukosanisha mara ya pili na karibu arudi Nairobi. Na leseni yake ya unesi asiiache ikufe.

Dada yangu alirudi kuongea na mimi Disemba alipokuja kuchukua gunia la Krismasi. Kijana akafungua kitabu akaandika: Mama, Shangi, gunia moja. Na bei.