Beji ziongezwe, lakini mtihani uwe mgumu

Mkuu, umeuliza kama jeshi liongeze beji za ujuzi kwa askari au zilizopo zinatosha. Mimi nasema ziongezwe, mradi kila moja iwe na mtihani unaoangusha watu.

Tazama Marekani. Beji ya umahiri kwa askari wa miguu ilianza 1943, ya tabibu wa vitani 1965. Fundi, dereva na karani wa stoo walisubiri mpaka 2019 ndipo wakapata ya kwao. Na haigawiwi kama njugu: kuna ramani, silaha, huduma kwa majeruhi, kisha kutembea kilomita 19 na mzigo mgongoni ndani ya saa 3. Wengi wanafeli, ndiyo maana anayeivaa anaheshimiwa.

Sisi wa Moshi ningetamani tuone beji ya uokoaji mlimani. Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge kule Kibo, kilele cha Kilimanjaro, usiku wa Uhuru, 1961, kwa hiyo jeshi letu na mlima huu wanajuana toka zamani. Askari anayetambua mapema kwamba mapafu ya mgonjwa yanajaa maji, akamfunga vizuri kwenye machela na kumshusha gizani bila kungoja asubuhi, huyo anastahili kitu kifuani.

Ila beji peke yake haimlishi mtu. Iende na cheti kinachotambuliwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ili fundi wa magari ya jeshi akistaafu, gereji ya Majengo au Pasua hapa Moshi impokee kama fundi kamili.