Chungwa la Ukerewe na soko la ng'ambo ya Sirari

Pale soko la Kirumba, Mwanza, nasikia swali moja kila msimu: chungwa letu ni tamu, mbona mteja wa Nairobi anachagua la Misri? Jibu ni kwamba akifungua kreti anatazama kwanza ganda na ukubwa. Utamu atauonja akishalipa.

Nimeuza machungwa ya kisiwa cha Ukerewe kwa miaka mingi, na ushauri wangu unaanzia mtini. Jamani, acheni kutikisa matawi! Chungwa lililoanguka halionyeshi jeraha siku hiyo. Ukungu wa kijani huanzia pale lilipogonga, na mzigo ukifika Sirari, mpakani na Kenya, limeshaharibu na mengine. Subirini umande ukauke, mkate kwa mkasi, mbakize kikonyo kifupi sana kisije kikachoma jirani yake. Na lumbesa, yaani kujaza gunia kupita kiasi, tuachane nayo. Roba likishindiliwa, ya chini yanapasuka hata kivuko cha Rugezi hakijafika Kisorya. Kreti za plastiki ni ghali, ila zinarudi nyumbani.

Rangi isiwatie unyonge. Usiku wa huku hauna baridi ya kugeuza ganda, ndiyo maana chungwa lililoiva linabaki kijani. Mimi humkatia mteja moja, alionje, tuendelee na bei.

Muheza, wilaya ya machungwa kule Tanga, ikishusha mzigo bei huporomoka kila soko. Bahati nzuri chungwa halina haraka kama embe, likiiva linaweza kukaa mtini kwa muda. Vuneni kwa awamu.

Wanaoulizia Ulaya nawaomba waiangalie Afrika Kusini, ya pili duniani baada ya Hispania kwa kuuza nje matunda ya jamii hii. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulikaza masharti ya kupoza machungwa, kwa hofu ya nondo ambaye kiwavi wake hujificha ndani ya tunda. Makontena yalikwama bandarini, na 2024 shauri likafika Shirika la Biashara Duniani. Hao wana vyumba vya baridi na meli, na bado wanaumia. Sisi tuanze na Kenya na Uganda.

Kabla ya kupakia, pateni cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti cha uasili (cha kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani) kilichorahisishwa cha Afrika Mashariki, na hutolewa hapo hapo mpakani. Msikubali dalali awauzie cheti hicho.