Aende anakolipiwa, lakini kwanza tuone chumba cha habari

Swali lenu la wiki hii limenigusa pabaya. Mmeuliza kama mtoto anayetaka kusomea uandishi wa habari hapa Marekani ang'ang'anie chuo chenye jina, au achukue chuo cha uhakika, kile ambacho hawezi kukosa nafasi, kinachompa ufadhili wa ufaulu. Jibu langu: aende anakolipiwa. Tunaishi Brooklyn Park, Minnesota, na kwenye sherehe za watoto wetu kumaliza sekondari wazazi huulizana jina la chuo tu. Hakuna anayeuliza mtoto atatoka na deni gani. Baadaye ndipo unamkuta baba wa watu anaunganisha zamu ya usiku na ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee, analipa mkopo alioukopa kwa jina lake mwenyewe.

Na katika fani hii jina halina uzito ambao watu wanalipa. Chuo Kikuu cha Columbia cha New York, wanaosimamia Pulitzer, tuzo kubwa za uandishi wa habari, hawana shahada ya kwanza ya uandishi wa habari. Shule yao ni ya waliokwisha kuhitimu. Vyuo vinane vya Ivy League, lile kundi la vyuo vya kifahari kama Harvard na Yale, havitoi ufadhili wa ufaulu hata mtoto awe na alama za namna gani, vinatazama kipato cha nyumbani tu. Na watafiti wa Medill, shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Northwestern ambayo kila mtoto wa fani hii anaiota, ndio hao hao waliohesabu kwamba Marekani imepoteza zaidi ya theluthi ya magazeti yake tangu 2005. Kijana anayeingia kwenye soko hilo asibebeshwe deni la mtu aliyesomea udaktari.

Binti yetu anataka fani hii, na sisi kwa kipato tuko katikati, na watu wa katikati ndio wanaoumia. Tangu 2024 Minnesota ina mpango wa North Star Promise: familia yenye kipato chini ya dola 80,000, mtoto wao halipi ada kwenye vyuo vya umma vya jimbo. Mimi na mama yake tukijumlisha zamu za ziada tunapita hapo kidogo. Nafuu yetu ikawa makubaliano ya Minnesota na majirani, Wisconsin na Dakota zote mbili, ambako mtoto wetu hatozwi ada ya mgeni, ile ya juu wanayotozwa wanaotoka nje ya jimbo. Orodha ya vyuo vya uhakika tukaianzia huko, kisha tukaongeza vyuo viwili vya binafsi vinavyojulikana kwa kutoa punguzo.

Sasa niwaeleze ziara moja. Kilikuwa chuo cha umma cha jimbo jirani, si kikubwa. Mwenyeji wetu alituonyesha ukumbi wa mazoezi, ukuta wa kupanda kwa kamba, na bwalo lenye aina sijui ngapi za nafaka za asubuhi. Binti yangu akauliza ofisi ya gazeti la wanafunzi iko wapi. Yule kijana hakujua. Tukaitafuta wenyewe, tukaikuta ghorofa ya chini, jioni ile walipokuwa wanafunga toleo. Walikuwa sita au saba, maboksi ya piza juu ya kabati la mafaili. Hakuna aliyetuuliza tumefuata nini. Msichana mmoja, kumbe ndiye mhariri, akampa binti yangu ukurasa uliochapwa na kalamu nyekundu, akamwambia, "Soma hii, macho yangu yamechoka."

Ilikuwa habari ya baraza la mji kupigia kura ukaguzi wa nyumba wanazopanga wanafunzi. Binti yangu akasoma, akarudi juu, akasoma tena. Jina la diwani lilikuwa limeandikwa kwa namna mbili, aya ya pili kwa t moja, aya ya saba kwa t mbili. Wakabishana ipi sahihi. Tovuti ya mji ilikuwa na moja, tangazo la kampeni lilikuwa na nyingine. Kijana mmoja akachukua simu akampigia diwani nyumbani. Ilikuwa inakaribia saa nne usiku! Mimi nimekulia mahali ambapo humpigii mheshimiwa usiku kumuuliza jina lake linaandikwaje. Nilitamani kutoka nje. Diwani, kumbe ni mama, akapokea, akataja herufi moja moja, kisha akauliza habari yenyewe inasema nini. Wakamsomea. Akawaambia kura haikupigwa, imeahirishwa hadi kikao kijacho. Mwandishi alikuwa ameondoka kabla kikao hakijaisha. Habari nzima ikabomolewa, ikaandikwa upya, na kichwa kikabadilishwa. Binti yangu alikuwa ameshavua koti. Nikamwambia, "Mama, twende, barabara ni ndefu." Akanijibu, "Baba, bado wanahakikisha."

Chuo Kikuu cha Missouri wamejua tangu 1908 kwamba kazi hii hufunzwa kwa kuifanya: siku masomo yalipoanza, gazeti lao lilitoka. Hadi leo wanafunzi wanaandikia gazeti hilo, Columbia Missourian (Columbia hapa ni mji wa chuo hicho), na kufanya kazi KOMU, kituo cha televisheni cha chuo kinachorusha vipindi vya mtandao wa televisheni wa NBC.

Punguzo kubwa kuliko yote lilitoka kwa kimoja cha vile vyuo vya binafsi. Tulipokwenda, gazeti la wanafunzi lilikuwa limegeuka jarida la kusifu uongozi, na barua yao ya ufadhili ilijumlisha mkopo wa mzazi ndani ya "jumla ya msaada". Tulikikataa, ingawa hata ukiuondoa mkopo bado kilikuwa rahisi kidogo kuliko kile cha ghorofa ya chini.

Kwa hiyo naona nimeanza na kauli moja na nimeishia kwenye nyingine, na sitaifuta ya kwanza. Mkopo wa serikali kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi una kikomo, dola 27,000 kwa miaka minne. Pengo kati ya gharama ya chuo na ufadhili likiingia humo bila mzazi kukopa, chagua chuo chenye chumba cha habari kinachofanya kazi. Uliza pia alama za kubaki na ufadhili kila mwaka, maana wengine huukosa mwaka wa pili. Na mwenye kipato cha chini asivikimbie vyuo vikubwa kwa kuogopa bei ya kwenye tovuti. Aingize hesabu zake kwenye kikokotoo cha gharama cha chuo, Northwestern inaweza kumtokea rahisi kuliko chuo cha jirani. Lakini pengo likizidi hapo, narudi pale pale: aende anakolipiwa, na kama hakuna gazeti, yeye na wenzake waanzishe.