Firefox si mali ya Google

Yaya, umeuliza kama Firefox, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ni ya Google. Hapana, Google si mwenye Firefox. Mwenyewe ni Mozilla Foundation, shirika la Marekani lisilotafuta faida, lililoundwa 2003. Ila naona mkanganyiko umetoka wapi: sehemu kubwa ya pesa za Mozilla inatoka kwa Google, inayolipa ili ukifungua Firefox utafutaji uanzie kwake. Hesabu zilizokaguliwa Mozilla inazitoa kila mwaka. Mimi hapa Birere, Goma, kila ordinateri ya mteja naingia kwenye mipangilio nabadilisha hiyo ya utafutaji kuanzia Google, dakika moja tu. Kinachoniuma: mchango ukiutuma Mozilla Foundation hauwafikii wanaotengeneza Firefox. Hao wanalipwa na kampuni yake, Mozilla Corporation.