Kabati la bibi usilipake vanishi, na hayo maonyesho nenda

Dada, nianze na la haraka. Hilo kabati usilipake vanishi, usilipige msasa, wala usilipitishie zile dawa za kung'arisha mbao zinazouzwa madukani. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi.

Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi yuko Delaware, anafanya kazi ya kutunza wazee. Familia ya bibi anayemtunza imempa tiketi ya maonyesho ya vitu vya kale yanayofanyika Wilmington kila Novemba, na bibi mwenyewe amemwambia achukue kabati moja la zamani lenye droo nne. Anauliza mambo matatu: maonyesho yana faida gani kwa mtu kama yeye, kwa nini huko vitu vilivyochubuka vinauzwa maelfu ya dola, na kama alipeleke kabati kwa fundi likang'arishwe kabla ya kuliuza. Wachangiaji wengi wamemwambia apake rangi, aweke vishikio vipya, aliuze Facebook. Nakataa, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni seremala. Ufundi nilijifunzia Tanga, na huku Pennsylvania nafanya kazi kwenye karakana inayotengeneza fanicha za kale. Msimu wa maonyesho ukifika ndio sisi tunaobeba, tunaopanga na tunaoshika tochi. Kwa hiyo naongea kama mtu wa nyuma ya pazia, si mnunuzi. Pesa za kununua huko sina.

Maonyesho ya Wilmington yanachangia programu za elimu za makumbusho ya Winterthur, palipokuwa nyumbani kwa Henry Francis du Pont. Huyo bwana alikusanya fanicha na vyombo vya Marekani ya mwanzo mpaka nyumba ikawa na vyumba 175, akaifungua kwa umma mwaka 1951. Ukipata siku nyingine nenda na huko. Lakini makumbusho yana kamba na walinzi, huruhusiwi kugusa. Kwenye maonyesho ya biashara mambo ni tofauti: muuzaji anataka ukiangalie kitu chake. Ukimwomba kwa adabu atakuvutia droo, ataipindua na kukumulikia chini. Mimi nimeshawahi kulala chali sakafuni chini ya meza huku wageni waliovaa suti wakinipita, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu wanunuzi wenyewe hufanya hivyo. Usitegemee kelele za Sabasaba. Ni kimya, mazulia, taa za kumulika, na kila mfanyabiashara ana banda lake limepambwa kama sebule ya mwaka 1780.

Sasa siri ya hiyo biashara. Mbele ya kabati imetengenezwa ili ikupendeze, kwa hiyo ndiyo inayodanganya kirahisi. Ukweli uko mgongoni, chini, na ndani ya droo, mahali ambapo fundi wa zamani hakujali nani atapaona.

Vuta droo utoe nje kabisa. Pitisha kiganja chini ya ubao wa chini. Kama uliparazwa kwa randa ya mkono utahisi mawimbi madogo madogo, mfano wa mchanga maji yakikupwa. Ubao wa mashine hauna hayo. Halafu tafuta alama za msumeno. Mistari iliyonyooka, sambamba, ni ya msumeno wa kupanda na kushuka. Alama za nusu duara ni za msumeno wa mviringo, ambao ulienea miaka ya 1830 hivi. Muuzaji akikwambia kabati ni la 1770 na ubao wa mgongoni una nusu duara, ama ubao ulibadilishwa, ama hadithi ndiyo iliyobadilishwa.

Angalia kona za droo, zile jointi za mkia wa njiwa, yaani meno ya mbao mbili yanayoumana. Za mkono hazilingani: moja nene, nyingine nyembamba, na mara nyingi utaona mkwaruzo mwembamba wa chombo alichopimia fundi. Zikiwa zote sawasawa kama zimepigwa chapa, hiyo ni mashine. Misumari nayo inasema. Ya kufuliwa na mhunzi ina kichwa chenye mabapa. Ya kukatwa kwa mashine inaanza miaka ya 1790. Ya waya mviringo, hii tunayoijua sote, ni ya mwisho wa karne ya 19 kuja huku. Skrubu za zamani ncha yake ni butu. Zenye ncha kali zilianza kutoka viwandani katikati ya miaka ya 1840.

Kitu ninachokipenda zaidi ni meza za duara. Mbao hunywea kwa upana wake lakini kwa urefu hazinywei, kwa hiyo meza iliyokuwa duara kamili miaka 250 iliyopita leo ukiipima ni yai kidogo. Meza ya kale ambayo bado ni duara kamili inanitia wasiwasi.

Kisha kuna mbao za siri, yaani zile ambazo hazionekani kabati likifungwa. Mafundi walinunua mahogani ya bei mbaya kwa ajili ya mbele tu, ndani wakatumia mti wa jirani. Msonobari mweupe ndani huelekeza Boston na New England. Popla huelekeza Pennsylvania na kusini. Chini ya droo kukiwa na mwerezi mweupe, fikiria Philadelphia. Chesnati, fikiria Rhode Island. Si sheria ya Mungu, lakini wataalamu wanaanzia hapo. Mahogani yenyewe ilitoka Jamaika na visiwa vya jirani, baadaye pwani ya Honduras, na waliokwenda msituni kuikata walikuwa watumwa. Kwenye vibao vya maelezo ya mabanda utasoma jina la fundi, mji na mtindo. Habari za waliokata mti ni nadra kuzikuta.

Ndiyo maana vilivyochubuka vina bei. Ule weusi, mikwaruzo, uchafu uliojaa kwenye nakshi, rangi iliyopasuka, ndivyo vinavyothibitisha kwamba hakuna aliyekiingilia kitu. Ukikisugua umefuta ushahidi, na huwezi kuurudisha. Kwa vitu vilivyopakwa rangi ni balaa zaidi. Wajerumani wa Pennsylvania walitengeneza masanduku ya wasichana, yamechorwa maua ya tulipu, ndege na mioyo, mengine yana jina la mwenyewe na mwaka. Mteja mmoja alituletea la kwao. Kijana wake alikuwa amelichuna rangi lote kwa dawa ili "mbao ipumue". Lilibaki sanduku la msonobari la kuwekea blanketi. Bosi wangu alimwandalia chai, akamweleza taratibu.

Viti vya Windsor, vile vya mgongo wa fito, navyo viangalie. Kiti kimoja kina miti mitatu au zaidi: kikalio cha popla au msonobari kwa sababu ni laini kuchonga, miguu ya mepo iliyokerezwa, na fito za mgongoni za hikori zinazopinda bila kukatika. Miti haifanani, ndiyo sababu vilipakwa rangi tangu siku ya kwanza, mara nyingi kijani. Mtu akikuuzia Windsor ya kale iliyochunwa ikabaki mbao tupu na akasema ndiyo asili yake, mwache aendelee.

Kuhusu pesa nisikudanganye. Watu hupenda kutaja dawati lenye kabati la vitabu la Nicholas Brown, kazi ya mafundi wa Newport, Rhode Island, lililouzwa kwa mnada wa Christie's mwaka 1989 kwa dola milioni 12.1. Ni kweli. Lakini hiyo ni kilele cha mlima. Fanicha za kawaida za mahogani na walnati, zile ambazo hapa sokoni wanaziita "za kahawia", bei zake zimeporomoka tangu miaka ya 2000 mwanzoni. Vijana wanaishi kwenye nyumba ndogo, hawataki kabati la kubebwa na watu wanne. Leo unaweza kununua kabati zuri la droo la mwaka 1800 kwa bei isiyofika ya kabati jipya la dukani, na hilo la dukani ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Kama wewe ni wa kununua ili utumie, huu ndio wakati. Kama ni kununua ili uuze upate faida, nakushauri uachane nalo mpaka uwe umepindua droo nyingi sana.

Jambo lingine: baada ya maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876, ya kutimiza miaka 100 ya uhuru, Wamarekani walipenda upya mitindo ya mababu zao, na viwanda vikaanza kuinakili. Mpaka miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa inatoka kwa wingi. Kabati nyingi "za bibi" ni hizo. Hizo si feki, ni nakala za halali na zina ubora wake, ila si za 1770. Halafu kuna wanachokiita ndoa: sehemu ya juu ya kabati moja imewekwa juu ya sehemu ya chini ya kabati jingine. Maonyesho mazuri yana wakaguzi wanaopita kabla ya milango kufunguliwa na kuondoa vya namna hiyo, au muuzaji analazimika kuandika wazi.

Ukifika ulizia pia kazi za watu weusi. Thomas Day alikuwa seremala huru wa Milton, North Carolina, kabla ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, mwenye karakana kubwa, na nakshi zake za mawimbi unazitambua ukishaziona mara moja. Maisha yake hayana wepesi. Yeye mwenyewe alimiliki watumwa. Na David Drake, mfinyanzi aliyekuwa mtumwa wa Edgefield, South Carolina, alisaini mitungi yake na kuandika mashairi ya mistari miwili juu yake, wakati huo mtumwa kujua kusoma ni hatari. Katika mtungi mmoja wa 1857 anajiuliza ndugu zake wote wako wapi. Mtungi wake mwingine ulifika dola milioni 1.56 mnadani mwaka 2021. Yeye hakulipwa kitu.

Kuna aliyeuliza juu huko kama sisi wa Pwani tunahusika vipi na haya. Tunahusika, ila kwa kiasi. Meli za Salem, Massachusetts, zilianza kufika Unguja miaka ya 1820, mkataba na Sayyid Said ukatiwa saini 1833, na balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters wa Salem, akafika 1837. Walileta merikani, ile nguo ya pamba, wakachukua pembe za ndovu na sandarusi, yaani utomvu wa mti uliogandia ardhini. Sandarusi iliyochimbwa ardhini Mrima ilisafishwa huko Salem, ikapikwa kuwa vanishi ya fanicha na magari ya farasi. Pembe zilikwenda mpaka Deep River na Ivoryton, Connecticut, zikawa vitana na vipande vya kinanda. Lakini hesabu miaka: kabati la 1760 haliwezi kuwa na sandarusi ya Bagamoyo, hata muuzaji akikupendezesha vipi akijua unatoka Afrika Mashariki. Na chochote chenye pembe usinunue bila karatasi. Tangu 2016 sheria ya Marekani imebana sana biashara ya pembe za ndovu wa Afrika, vitu vya zaidi ya miaka 100 vinahitaji uthibitisho, na majimbo mengine yana sheria kali zaidi.

Siku ya kwenda: vaa viatu vya raha, acha begi kubwa kwenye gari, usiweke kikombe cha kahawa juu ya kitu chochote. Uliza kabla ya kugusa. Swali zuri kuliko yote ni "hapa wewe ungeanza kuangalia wapi?" Wafanyabiashara hawa wanapenda kufundisha, hasa saa ambazo wateja ni wachache. Ukitaka kupatana bei, nenda mwisho mwisho siku ya kufunga, maana kila kisichouzwa lazima kibebwe kurudi.

Sasa kabati lako. Kabla hujalitoa nyumbani kwa bibi, pata karatasi. Kampuni nyingi za kutunza wazee zinakataza mfanyakazi kupokea zawadi kubwa, na familia inayocheka nawe leo inaweza kukuita mwizi bibi akishafariki. Ongea na ofisi yenu, kisha watoto wa bibi waandike na kusaini kwamba wanajua na wameridhia. Hilo likishindikana, liache hapo hapo, hata likiwa na thamani gani.

Likikubalika, libebe kwa kushika chini, si kwa sehemu ya juu, na droo zote ziwe zimetolewa. Usitupe vishikio vya zamani hata vikiwa vimevunjika, wala karatasi yoyote iliyobandikwa ndani. Nyumba nyingi za mnada hukadiria bure ukituma picha, kwa hiyo tuma kwa zaidi ya moja. Na hapa kwenye uzi weka picha ya mgongo, ya chini ya droo, na ya kona ya droo kwa karibu, mchana, bila flashi. Ya mbele sina haja nayo.